Talaka ya Maelewano na Njiwa Ishirini na Wawili

Heckmondwike, 9 Januari 2023

Neville,

Hali yako siiulizi, maana dada yako Doreen ameshatangaza kwa kila mtu kwamba kule kwake Goole unakula vizuri na unalala vizuri. Mimi pia nalala vizuri. Kitanda kizima ni changu.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Tumejaribu mara tatu, mbili umenikatia wewe, moja nimekukatia mimi, na hiyo moja ulikuwa umeniita ng'ombe. Kirsty naye amesema yeye ni binti yetu, si posta, tusimtume tena maneno. Kwa hiyo tutaandikiana barua, tena kwa stempu ya bei ndogo, hatuna haraka ya kusikiana.

Siku hizi talaka haihitaji wakili. Yule wa juu ya duka la miwani aliponitajia bei ya saa moja niliinuka nikaondoka hata koti sijafunga. Mke na mume wanaweza kuomba pamoja kwenye tovuti ya serikali. Mmoja anajaza, mwenzake anathibitisha, ada ya mahakama ni moja na tunatoa nusu kwa nusu. Kisha tunasubiri wiki ishirini, eti tutulie tufikiri. Mimi nimefikiri miaka kumi na tano, lakini haya. Baada ya hapo kila mmoja anabonyeza tena, jaji anatoa amri ya awali, zinapita wiki sita na siku moja, inatoka amri ya mwisho. Hakuna kusimama mbele ya mtu. Wanaita talaka ya maelewano.

Jambo moja limeniudhi. Nilijua wataniuliza sababu. Nilikaa na chai yangu, na karatasi pembeni yenye mambo arobaini na moja. Hakuna pa kuyaandika! Kuna kisanduku kimoja, unatia tiki kwamba ndoa imevunjika, basi. Hawataki kujua nani kaivunja. Kwa hiyo hizo sababu nitakuandikia wewe, kidogo kidogo, mpaka ziishe.

Ya kwanza ni njiwa. Miaka thelathini na moja, kila Jumamosi ya kiangazi, umesimama uani shingo juu unangoja ndege wako wa mashindano warudi kutoka Ufaransa walikofunguliwa. Kwenye harusi ya mdogo wangu ulifika saa kumi jioni, watu wamekwisha kula, na mahindi mfukoni.

Nyumba tuiuze tugawane, mimi niende Filey nikakae karibu na bahari. Njiwa ni wako, hilo sigombani nawe. Chukua wote ishirini na wawili, na hicho kibanda chao uniondolee.

Gaynor Thackray
(kwa sasa)


Goole, 14 Januari

Gaynor,

Ukurasa mzima wa matusi, halafu mwishoni "maelewano". Makubwa haya.

Sikukuita ng'ombe. Nilisema unanisukumasukuma kama ng'ombe zizini. Ng'ombe ni mimi hapo, soma vizuri.

Nimekwenda maktaba, dada wa kompyuta kanisaidia, nimethibitisha. Wewe umeandikwa Mwombaji wa Kwanza, mimi wa Pili. Hata katika kuachana umetangulia wewe. Nusu yangu ya ada nimetuma.

Nyumba iuzwe, sawa. Lakini kibanda nilikijenga na marehemu baba, mbao kwa mbao, kabla sijakujua. Kisiguswe mpaka ndege watoke. Nakuja Jumamosi ijayo na makapu. Usiwepo.

Kuhusu harusi ya mdogo wako: ile ndoa ilidumu miezi minane. Njiwa aliyerudi siku ile alizaa mabingwa miaka sita. Sasa niambie nani alipoteza siku yake.

Neville


Heckmondwike, 26 Machi

Neville,

Njoo uchukue vitu vyako. Viko juu ya paa langu.

Jana asubuhi nimetundika mashuka, nimeingia ndani kuweka birika, nikasikia kitu kinagonga dirisha la jikoni. Natazama, Marlene. Yule jike wako wa kijivu, malkia wako, anagonga kwa mdomo kama mtu aliyesahau ufunguo. Natoka nje, juu ya paa wamejipanga wote, ishirini na wawili, wananitazama mimi kama ndiye niliyechelewa. Mashuka sitaki hata kuyaeleza.

Umewafungia Goole wiki kadhaa, umewafungulia jana, saa nne wako hapa. Maili arobaini na tano! Wewe mwenyewe ukitoka huko unatumia saa moja na nusu na unafika unalaani kila dereva wa Yorkshire. Mtu umefuga njiwa miaka arobaini, na hata mimi nisiyewapenda najua kwamba njiwa mzima hahamishwi. Ulifikiri nini, Neville?

Sababu ya pili, maana imenijia hapo dirishani: ndege ulimpa jina. Mimi mwaka mzima nilikuwa "wewe". "Wewe, umeona miwani yangu?"

Gaynor


Goole, 30 Machi

Gaynor,

Usinifundishe njiwa.

Nilidhani watakaa. Hawakukaa. Yameisha.

Sikiliza, na siombi, naeleza. Njiwa aliyelelewa kwenye kibanda kimoja ana mambo matatu tu maishani. Ama anaruka kutoka kibanda hicho na kurudi hapo. Ama anafungiwa ndani ya waya mpaka afe, haruki tena, kazi yake kutaga. Ama unamvunja shingo. La nne hakuna. Ukivunja kibanda unachagua kati ya la pili na la tatu, kwa ndege ishirini na wawili ambao hawajakukosea kitu isipokuwa mashuka.

Niachie mpaka Septemba, msimu uishe. Mlango wao mdogo uwe wazi. Asubuhi wape bakuli mbili za nafaka. Nitaileta Jumanne ukiwa kazini, ufunguo nitachukua kwa Bi Pickersgill jirani. Hutaniona.

Marlene usimpe mkate. Najua unampa.

Neville


Heckmondwike, 19 Juni

Neville,

Wiki ishirini zimekwisha Jumatano. Alhamisi nimebonyeza sehemu yangu. Sasa zamu yako, bonyeza, jaji aitoe hiyo amri ya awali.

Nyumba imepata wateja. Dalali ameleta vijana wawili kutoka Leeds, wazuri, wamesifia ngazi. Wanataka uani waweke beseni kubwa la maji moto, wakae humo na mvinyo huku mvua inawanyeshea vichwani. Kila mtu na raha zake. Wanataka kuliweka pale pale kwenye kibanda, kwa hiyo siku wanayokabidhiwa ufunguo kibanda kiwe hakipo. Wanasema Oktoba. Septemba yako umeipata, hesabu ni nzuri, usinipe hotuba.

Nyumba ina majina mawili, kwa hiyo mauzo yanataka sahihi yako na yangu.

Sababu ya kumi na tisa (nimeruka, nyingine nitazirudia): nilipofanyiwa upasuaji wa nyonga ulikuja hospitali, ukakaa dakika ishirini, na zote ishirini ulikuwa unatazama dirishani kuona upepo unavumia wapi.

Gaynor


Goole, 24 Juni

Gaynor,

Nimebonyeza. Kama haijaonekana, kompyuta ya maktaba ni ya zamani. Ngoja wiki mbili tatu.

Beseni la maji moto! Baba yangu alikufa na msumari wa kibanda kile mfukoni, na leo watu wazima wakachemkie pale kama viazi. Waambie waweke barazani.

Nyonga yako ilikuwa salama, daktari alikuwa ameshaniambia mlangoni. Upepo ndio ulikuwa mbaya.

Neville


Heckmondwike, 20 Julai

Neville Thackray,

Mwongo mkubwa wewe.

Nimengoja wiki mbili tatu. Leo nimeiandikia mahakama, wamenijibu kwa adabu zote kwamba mimi nimekamilisha na kwamba wanamsubiri Mwombaji wa Pili. Wanamsubiri tangu tarehe kumi na tano Juni! Kompyuta ya maktaba, ehe? Kompyuta ya maktaba haina tatizo, tatizo ni kidole cha Neville.

Nimekuelewa. Umekalia talaka ili nyumba isiuzwe, nyumba isiuzwe ili kibanda kisivunjwe. Na mimi huku nakulishia ndege wako asubuhi na slipa zangu kama mtumishi. Wananiambia naweza kubadili niendelee peke yangu, fomu mpya, kusubiri upya. Nimeshasubiri vya kutosha.

Basi mkuki kwa nguruwe. Leo asubuhi walipotoka kuruka nimefunga ule mlango wao mdogo na kuweka tofali. Bakuli nimeziosha nimezipanga kabatini. Wako juu ya paa na mvua inanyesha. Siku utakayobonyeza ndiyo siku nitakayofungua. Uone raha ya kukaa nje ukimngoja mtu.

Gaynor


Goole, 22 Julai

Gaynor,

Nimebonyeza jana asubuhi. Safari hii ni kweli, iulize mahakama.

Fungua mlango.

N.


Heckmondwike, 24 Julai

Neville,

Nimeona. Mahakama imethibitisha. Sijui kilichokuingia lakini asante.

Mlango ulikwisha kufunguliwa hata kabla barua yako haijafika, sikutaka makelele ya majirani. Ndege wako wako salama wote. Marlene amenenepa, nafaka yako ni nyingi mno.

Mambo yaende sasa kwa amani.

Gaynor


Goole, 28 Julai

Gaynor,

Ijumaa ile, tarehe ishirini na moja, saa tatu kasoro, Bi Pickersgill alinipigia simu. Alikuwa anatoa pipa la taka. Aliona kipanga anashuka juu ya paa la jikoni, na aliona kilichobaki. Alijua ni Marlene kwa ile pete nyekundu mguuni. Ndege wengine walikuwa wanajigonga kwenye mlango uliofungwa wapate kuingia. Haya yote nimeambiwa kwa simu, nimesimama kwenye kibaraza cha Doreen na mswaki mdomoni.

Maktaba inafunguliwa saa nne. Nilikuwa mlangoni saa tatu na nusu. Saa nne na dakika tano nilikuwa nimeshabonyeza.

Sikukwambia kwamba najua. Nilitaka nione utaandika nini.

Umeandika amenenepa.

Neville


Heckmondwike, 2 Agosti

Neville,

Nimekaa na barua yako siku mbili.

Nilikuwa dirishani. Nilimwona kabla Marlene hajaja, yule kipanga, juu ya nguzo ya simu, na sikujua ni nani, nilidhani ni mmoja wa njiwa wako. Marlene alikuja akagonga kioo kama kawaida yake. Sikumfungulia. Nilisema, "Mwambie mumeo abonyeze," kwa sauti, kama mwehu, nikamgeuzia mgongo nioshe kikombe. Ndipo nikasikia kishindo. Nilitoka bila viatu. Tofali lile sijui nililirusha wapi, nimelikuta kwa Bi Pickersgill kwenye maua. Walivyoingia ndani, Neville, walikuwa wanakanyagana.

Nimemzika chini ya ukuta. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu. Samahani. Naiandika mara moja, usidhani nitairudia kila barua.

Lakini na wewe ujue. Ungebonyeza Juni, Marlene angekuwa hai. Sitabeba peke yangu.

Gaynor


Goole, 6 Agosti

Gaynor,

Beba nusu.

Neville


Heckmondwike, 3 Septemba

Neville,

Amri ya awali inatoka keshokutwa. Hesabu wiki sita na siku moja.

Sasa la nyumba. Soma mpaka mwisho kabla hujaanza kupiga kelele, Doreen ana presha.

Vijana wa Leeds bado wanataka. Tarehe yao ni kumi na saba Oktoba, na kibanda kiwe kimeondoka. Lakini Alhamisi alikuja mteja mwingine. Anatoa pungufu kidogo, na nimeshapiga moyo konde, Filey nitapata chumba kimoja badala ya viwili. Huyu hataki beseni. Huyu anataka kibanda, anataka na ndege wote ishirini na mmoja, waendelee kuruka kama walivyo. Aliingia mle ndani akakaa saa nzima. Alipotoka alisema, "Kazi safi hii, nani alipiga hizi mbao?" Nikamwambia baba yako.

Ni Royston Tordoff.

Haya, piga kelele.

Gaynor


Goole, 8 Septemba

Gaynor,

Tordoff! Umekosa nani mwingine Yorkshire nzima? Ungemwuzia shetani ningesema angalau shetani hajawahi kusimama kwenye klabu ya njiwa mwaka 2004, mbele ya watu sitini, akasema Neville Thackray amefungua saa yake ya mashindano, ile inayoandika muda ndege anaporudi, ili aandike muda wa uongo. Walinifungia msimu mzima. Mtu aliyenivua nguo mbele ya watu, leo akalale chumbani kwangu, asimame uani kwangu, aite ndege wa baba yangu kwa kutikisa kopo langu la nafaka!

Sitii sahihi. Nasema tena, sitii. Afadhali niwavunje shingo mwenyewe, mmoja mmoja.

Neville


Heckmondwike, 12 Septemba

Neville,

Vizuri. Njoo Jumamosi uwavunje. Nitakuwekea kiti na ndoo.

Ulinieleza mwenyewe mambo matatu ya njiwa, la nne hakuna. Goole hawakai. Leeds hawatakiwi. Tordoff atawarusha. Wanaangalia mvua kutoka kwenye mlango wao sasa hivi ninavyokuandikia, na hawajui jina la mtu yeyote aliyekutukana mwaka 2004. Dalali anataka jibu tarehe ishirini na mbili. Ukinyamaza naandika vijana wa Leeds.

Na usiniletee mimi habari za aibu yako klabuni. Mimi ndiye niliyesimama nikamjibu Tordoff siku ile. Nilimwita mzushi. Pat mkewe alikuwa rafiki yangu tangu shule, na tangu siku ile hatujasalimiana, hata mama yake alipofariki sikwenda. Nilichagua upande wako. Hiyo ingefaa kuwa sababu ya arobaini na mbili, lakini nilikuwa sijaihesabu kama kosa lako.

Gaynor


Goole, 20 Septemba

Gaynor,

Karatasi ziko humu. Nimetia sahihi kila mahali dalali alipoweka msalaba.

Mwambie Tordoff haya. Dume la jicho jeupe lisipewe mahindi, linaharisha. Wale ndugu wawili weusi wakae mbali, watatoana macho. Wote wanaogopa mwavuli, usifunguliwe uani siku ya mashindano hata inyeshe mawe. Bawaba ya mlango mdogo inakwama baridi ikizidi, aipake mafuta ya taa kidogo, baba alikuwa akifanya hivyo. Binti wa Marlene, yule mwenye doa shingoni, asimtume Ufaransa kabla hajatimiza miaka mitatu. Ana moyo mkubwa kuliko mabawa.

Na mwambie saa niliifungua.

Dakika nne tu nilirudisha nyuma. Upepo ulikuwa umewachelewesha na nilijua ndege wangu ndiye bora. Tordoff alisema kweli. Ulipoinuka siku ile kunitetea nilitaka kukuvuta gauni ukae, sikukuvuta. Baadaye nikaona nimeshachelewa, nikanyamaza. Miaka kumi na tisa nimenyamaza.

Neville


Heckmondwike, 25 Septemba

Neville,

Nimesoma nikiwa nimesimama. Kisha nimeisoma nikiwa nimekaa. Sijui nikuite nani.

Rafiki yangu, Neville. Nilimpita Pat sokoni kila wiki miaka kumi na tisa, na siku zote nilikuwa nageuza uso mimi, mwenye haki, mke wa mtu aliyesingiziwa. Aliwahi kuninyooshea mkono karibu na duka la nyama nikaingia dukani nikanunua maini ambayo hata hatuli. Ulikuwa mezani jioni ile. Uliyala maini yale! Uliniuliza kwa nini maini!

Uliniona nafanya yote hayo na ukanyamaza. Sitaki sababu nyingine tena, karatasi yangu nimeichana. Hii moja ingetosha tangu mwanzo.

Leo nimekwenda mlangoni kwa Pat. Nilichomwambia hakikuhusu.

Usiniandikie.

Gaynor


Filey, 18 Oktoba

Neville,

Najua nilikukataza kuandika, sikujikataza mimi.

Nyumba imekabidhiwa jana. Amri ya mwisho nimeiomba leo sehemu yangu, wewe thibitisha yako, na tafadhali usinitajie kompyuta ya maktaba. Tumeachana bila wakili hata mmoja na bila kumlipa mtu kutusikiliza. Ningependa kusema tumeachana kwa maelewano, lakini kuna watu wanaotujua.

Maneno yako nimempa Royston, pamoja na lile la saa. Alitazama buti zake. Kisha akaniuliza ni mafuta ya taa au mafuta ya cherehani, nikamwambia ya taa.

Barua hii ni ya mwisho.

Gaynor Whitwam
(nimerudia jina la baba)


Goole, 14 Aprili 2024

Gaynor,

Ulisema ya mwisho ilikuwa yako. Hii unaweza kuichana bila kuisoma, lakini najua huthubutu.

Jana yalikuwa mashindano ya kwanza ya mwaka. Nilipanda basi mpaka Heckmondwike. Doreen nilimwambia naenda kwa daktari wa meno. Sikuingia ndani wala sikugonga. Nilisimama ng'ambo ya barabara, karibu na sanduku la posta, nimevaa kofia mpya ili nisijulikane, na Bi Pickersgill akanijua palepale akaniletea chai.

Saa tano na nusu walitokea upande wa Dewsbury, watano kwa pamoja, chini chini na kasi. Binti wa Marlene alikuwa mbele. Walipita juu ya kichwa changu, Gaynor, hata kikombe cha chai kiliingia kivuli. Nilipiga mluzi wangu. Sikukusudia, ulitoka wenyewe. Hakuna aliyegeuka. Walitua mlangoni mwao mmoja mmoja, safi, kama nilivyowafundisha, na nikasikia Tordoff anatikisa kopo la nafaka.

Nililia. Pale barabarani, mwanamume wa miaka sitini na sita na chai ya jirani mkononi.

Miaka yote nilidhani wananirudia mimi. Ndiyo maana niliwapeleka Goole, nilijua nikiwepo mimi watakaa. Ndiyo maana kila Jumamosi sikuthubutu kuondoka uani hata dakika, niliogopa wakifika wasinikute watapotea. Harusi ya mdogo wako. Nyonga yako. Kirsty siku aliyokwenda chuo kikuu, ulipokuwa unaniita kutoka mlango wa jikoni nije kumuaga, nami nikakujibu ngoja, bado wawili.

Kumbe wangerudi tu, nisimame nisisimame. Ningeweza kuingia ndani.

Neville